Makoti Matatu ya Mprusi

Jumatatu, 5 Mei

Nimekata mikono ya koti la kwanza. Kitambaa nimekinunua madukani Fordsburg, buluu iliyokolea, kizito kama blanketi la hospitali. Cherehani inalalamika. Baridi imeshaingia mtaani kwetu Yeoville, na goti langu ndilo lililotangulia kujua.

Makoti matatu, yote ya mtu mmoja. Ofisa wa jeshi la Prusia, Ujerumani ya zamani hiyo, aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wanatengeneza filamu ya maisha yake hapa Johannesburg. Sijui Wajerumani wamekosa nini kwao. Thandeka, msimamizi wa mavazi, ndiye aliyenipa kazi. Koti la kwanza la luteni. La pili la meja. La tatu ni kama la pili, ila amevuliwa vyeo. Halina vifungo.

Baba Debora amerudi asubuhi kutoka lindoni, Sandton. Amekuta koti mezani, akalishika kola, akaliachia. Akaenda kulala.

Mume wangu alikuwa kapteni kule Kongo. Hapa anafungulia watu geti.

Jumatano, 7 Mei

Tarehe imetoka. Rufaa yake ya ukimbizi itasikilizwa tarehe 22. Ni ya mwisho. Wakikataa, tunarudishwa, na huko nyumbani wanamkumbuka vizuri mno. Alikataa amri ya kuchoma nyumba za watu. Wakamvua vyeo mbele ya kikosi kizima. Kesho yake tukakimbia.

Miaka minane ofisi ya wakimbizi inamwomba kitu kimoja tu. Hati yake ya uofisa. Ithibitishe kwamba ni yeye kweli. Hana.

Eish. Kola nimeishona vibaya mara mbili leo.

Jumamosi, 10 Mei

Thandeka amekuja kuona koti la luteni. Amelipenda. Akanisimulia habari za huyo Mprusi kama anamsengenya jirani. Aliingia jeshini na miaka kumi na mitatu. Farasi wawili walimfia vitani. Risasi ilimpitia taya, akanywa uji mwaka mzima. Akapanda, akapanda, mpaka umeja. Halafu siku moja akaamriwa ampitishe askari mtoro katikati ya mistari miwili ya wenzake wenye fimbo, wampige mpaka afe. Akasema hapana. Ukawa ndio mwisho wake.

Debora alikuwa anasikiliza. Ana miaka tisa, Kiswahili anakisikia, kukijibu hataki. Akauliza kwa Kizulu kama yule mtu alipata kazi nyingine.

Nilicheka. Halafu nikajifanya natafuta mkasi.

Alhamisi, 15 Mei

Thandeka ameongeza jambo. Koti la meja anataka liwe na mfuko wa siri ndani ya bitana, upande wa moyo. Mprusi alikuwa akitembea na barua ya mfalme ya kumpa cheo, imeshonewa humo. Kamera itauonyesha.

Nikamwambia sharp, sawa, nitashona. Alipotoka nikakaa sakafuni.

Haya. Niandike, maana kusema nimeshindwa.

Hati ya Baba Debora ilikuwepo. Niliishona mimi mwenyewe ndani ya bitana ya koti lake, upande wa moyo. Tulipokaribia mpaka kulikuwa na kizuizi cha askari. Foleni ndefu. Watu wakanong'ona kwamba makoti yanapapaswa, na atakayekutwa na karatasi ya jeshi anapelekwa porini. Nikamwomba koti, nikasema nasikia baridi. Nikaingia nalo chooni. Nikafumua bitana kwa meno. Hati nikaitupa shimoni. Halafu nikaishona tena bitana. Sindano huwa naichomeka kwenye kilemba changu siku zote, na mkono wangu haujui kuacha bitana wazi, hata na hofu ile. Uzi niliokuwa nao ulikuwa mweupe. Nikamrudishia koti.

Askari akalichukua, akalikung'uta mara moja, akampa. Bitana hakuigusa. Tukapita.

Hati ingepita pia.

Tulipofika huku akafumua, akakuta patupu. Nikasema labda yule askari aliiiba. Akasema labda.

Jumatatu, 19 Mei

Koti la pili tayari. Mfuko wa siri umetoka safi. Nauchukia.

Siku tatu zimebaki. Nikimwambia, atawaeleza ukweli: hati ilikuwepo, mke wangu aliitupa. Pengine watamwamini. Leo asubuhi nimemwekea chai, nikafungua mdomo kabisa. Nikamuuliza kama anataka sukari. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mtu anakunywa vijiko vitatu, namuuliza kama anataka sukari.

Mimi ni mwoga. Basi.

Alhamisi, 22 Mei

Sikumwambia. Nilimpigia pasi shati. Alivaa lile lile koti la zamani juu yake, akaenda peke yake.

Amerudi saa tisa. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema wameandika tu.

Jumanne, 27 Mei

Koti la tatu. Nimeshona vifungo ishirini, kisha nikavikata vyote. Thandeka anataka nyuzi zibaki zinaning'inia, ionekane vilinyofolewa.

Nikamuuliza mwisho wake. Mprusi aliishi miaka ishirini zaidi. Kila mwaka mpya alimwandikia mfalme barua, arudishiwe cheo. Hakujibiwa hata moja. Alifia kwenye chumba cha kupanga, amevaa koti hili lisilo na vifungo. Nikauliza, hakuwa na mke? Thandeka akasema hadithi haimtaji.

Bila shaka haimtaji.

Alhamisi, 5 Juni

Imekataliwa.

Tumepewa siku kumi na nne. Barua ni ya Kiingereza. Debora ndiye aliyetusomea, maana Kiingereza cha nyumba hii ni chake. Amesoma vizuri, maneno magumu yote. Kisha akauliza kama Kongo kuna shule.

Sababu wameiandika. Mwombaji ametoa maelezo matatu tofauti kuhusu hati. Mara ya kwanza alisema ilianguka njiani. Mara ya pili alisema askari walimnyang'anya mkononi. Juzi akasema iliungua. Kwa hiyo haaminiki.

Sielewi. Huyu mtu anakumbuka namba za bunduki za askari wake wote. Mbona hili tu ndilo limchanganye?

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwambia. Asubuhi, alipokuwa anavua viatu. Foleni, choo, meno, shimo. Yote. Alinisikiliza huku anafungua kamba za kiatu, polepole, kimoja kisha cha pili.

Akasema, "Askari hawashoni, Mama Debora."

Alijua. Tangu siku ile alipofumua. Aliona uzi mweupe na mishono yangu midogo, akanyamaza miaka minane. Na kila walipomuuliza nani alichukua hati, hakutaka jina langu liingie kwenye faili lao, nikaitwa, nikahojiwa. Akawadanganya. Kudanganya hajui, ndiyo maana kila mara uongo wake ulitoka mwingine.

Kumbe mimi nimemwangusha mara mbili. Kwa kuitupa, na kwa kunyamaza. Ningemwambia mapema, asingekuwa na cha kuficha.

Natamani angenifokea. Alinigusa bega, akaenda kulala. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani hatukwenda. Thandeka alipita kuchukua koti la tatu. Amesema ni zuri kuliko yote. Sikumwambia kwamba tunaondoka.

Nimekunja nguo za Debora. Cherehani haitaingia kwenye begi.

Leo pia Baba Debora anakwenda lindoni kama kawaida. Kifungo cha juu cha jaketi lake la ulinzi kilikuwa kimelegea. Uzi wa buluu umekwisha, wote umeishia kwa Mprusi. Nimekishona kwa mweupe, mara mbili mbili, nikafunga fundo.

Amekitazama kidogo. Akavaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatoka.