Watu Wanane wa Jibu la Pili

Kwako mdogo wangu Kanana,

Pokea salamu kutoka nchi ya chini ya Embu, ambako jua halina huruma. Mimi ni mzima, ila nimekonda. Nyinyi huko Kiirua mko aje? Mama kifua kimemwachia? Naandika kwa Kiswahili kwa sababu anayebeba barua hii, yule Mwislamu wa Meru mjini aletaye mahindi kambini kwa lori, ametaka aisome kwanza. Kimeru hakijui, na hataki kufungwa kwa maneno asiyoyaelewa. Jina lake siliandiki.

Ameniambia bado unalalamika kwamba sikukujibu ile hesabu yako. Nilikujibu. Nilipokuwa naipeleka posta, barua ilishikwa kwenye kizuizi cha barabarani, nami nikashikwa pamoja nayo.

Nilikuwekea mfano wa shamba la mama la maharagwe ya njahi. Urefu unazidi upana kwa yadi tatu, na eneo ni yadi za mraba arobaini. Upana ukiwa x, unapata x² + 3x − 40 = 0. Hapa a ni 1, b ni 3, c ni −40. Sasa shika kanuni: chukua b, ugeuze alama yake, jumlisha kipeuo cha pili cha b² − 4ac, gawanya yote kwa 2a. Kisha rudia, ila safari hii badala ya kujumlisha kipeuo, kitoe. Ndani ya kipeuo utapata 169, na kipeuo chake ni 13. Majibu ni 5 na −8. Upana ni yadi tano.

Hiyo −8 ndiyo iliyonimaliza. Homgadi, hawa walinzi wa vijiji wa serikali, huita watu majina kila jioni, na idadi ya waliokosekana huiandika kwa kistari mbele yake. Walipoona −8 wakajua kuna wanane walioingia msituni kwa wapiganaji, na mimi ndiye karani wao.

"Hawa watu nane wako wapi?" mkubwa wao akaniuliza.

"Si watu, mzee. Ni jibu la hesabu. Shamba haliwezi kuwa na upana kama huo, kwa hivyo tunaliacha."

"Kama ni ya kuacha, uliandika ya nini?"

Swali zuri, kusema kweli. Nikamweleza kwamba kanuni hutoa majibu mawili, na ni lazima uyaone yote ndipo uchague. Akaandika kwamba nimekiri.

Sasa tunachimba mfereji. Bwana wa kambi anasema nikitaja majina manane, narudi nyumbani juma hilohilo. Juzi nilichoka, nikaomba karatasi. Kila jina lililonijia lilikuwa la mtu aliyewahi kunipa uji. Nikarudisha karatasi tupu. Naogopa, Kanana, sikufichi.

Mtihani ukifika, andika majibu yote mawili, kisha eleza kwa nini umeacha moja. Usilifiche kwa kumwogopa msahihishaji.

Nisalimie shangazi Karimi anayekusuka, na babu, kama bado anagombana na kuku. Mama mwambie kile kipande changu cha shamba apande yeye msimu huu, na ujao pia. Mimi majina sina.

Ni mimi kaka yako,
Mutwiri