Kakenya Hakuwa Barabarani

Kwa Nyakio wa Maziwa,
Noonkopir, Kitengela.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Caroline,

Takwenya! Najua umeitika "Iko" kwa Kimaasai chetu hapo ulipo, hata kama uko ndani ya basi na Wazungu wanakuangalia. U hali gani? Allan anaendeleaje, na wale watoto wako, bado wanakataa ugali? Uliniambia mguu wa kushoto unavimba ukisimama sana kazini. Tafadhali uwe unakaa chini. Kazi haiishi, na hiyo Canada uliikuta na utaiacha.

Sisi huku tuko salama. Mvua ya mwezi wa nne ilitukumbuka, nyasi ziko, na ng'ombe wamenenepa mpaka wanatembea kwa maringo. Mfupa wangu wa bega umeshika. Umeshika ukiwa umepinda kidogo, kwa hivyo nguo zangu zote sasa zinaning'inia upande mmoja, lakini mkono unafika juu na nafunga kilemba mwenyewe. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Utajiuliza mbona nakuandikia kwa karatasi kama mtu wa zamani na simu ninayo. Ni kwa sababu nilichoandika kwa simu, kwenye group ya familia, kilikuwa uongo. Sikutaka ukweli uje mahali palepale, katikati ya picha za maua na "Good morning". Felix, kijana wa Evalyne, anarudi chuoni huko kwenu Alhamisi, nitampa barua hii na nimeshamwonya asiifungue. Isome ukiwa umeketi.

Niliandika kwamba mtoto alitoka kichakani mbio, akaingia barabarani, nikamkwepa, ndipo nikaanguka. Nyinyi wote mkanipa pole. Wewe ukaandika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu na wazazi wao wameshindwa na kazi. Mimi nikakuwekea kile kidole gumba cha kukubali. Aki ya Mungu, nilikiweka, na mkono mwingine umefungwa kwa kamba shingoni.

Sasa sikia ilivyokuwa. Kazi yangu unaijua: asubuhi nachukua maziwa kwenye maboma ya upande wa Kajiado, nayaleta kwa pikipiki hadi hapa Noonkopir, Nyakio anayauza dukani kwake. Tangu ninunue hiyo pikipiki, watu wamesema mpaka wamekauka mate. Ati mama wa miaka hamsini na nne, mzee wa kanisa, anapanda pikipiki kama kijana! Na mwanangu Ezra alinipa sheria siku ya kwanza: nikianguka mara moja tu, ufunguo ni wake. Caro, wewe hujui raha ya kujiendesha mwenyewe baada ya miaka thelathini ya kuomba watu wakubebe. Hiyo raha ndiyo niliogopa kupoteza.

Njiani kuna boma la Mzee Kuntai. Mjukuu wake anaitwa Kakenya, ana miaka tisa, yuko gredi ya tatu. Kila asubuhi akienda shule alikuwa akisikia pikipiki yangu anasimama kando, nje kabisa ya barabara, karibu na ua wa miiba, anainamisha kichwa nimsalimie. Wewe unajua vile tulivyolelewa. Mtoto akikuinamishia kichwa, humpiti tu kama jiwe, unakigusa. Na mimi, kwa uvivu wa kusimama, nilikuwa napunguza mwendo, nanyoosha mkono wa kushoto, nagusa kichwa, napita. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Nilijiona fundi kweli!

Ile Jumatano ya mwezi wa tatu ilikuwa imenyesha. Niko na mitungi miwili ya maziwa nyuma, na helmeti yangu, nikwambie ukweli wote basi, ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, ndani yake mayai kumi na mbili ya Nyakio. Kakenya akainamisha kichwa. Nikanyoosha mkono. Mkono wa kulia, badala ya kupunguza mafuta, ukavuta. Kiganja changu hakikufika hata kwenye nywele zake. Nilijikuta ndani ya mtaro, pikipiki imenilalia mguu, maziwa yananimwagikia shingoni, na mbwa wawili wa Mzee Kuntai wamefika kabla ya binadamu yeyote.

Mtoto alikuwa hajaguswa. Hakukimbia wala kulia. Alivua sweta yake ya shule, akaiweka chini ya kichwa changu, akafukuza mbwa, ndipo akaenda kuita mama yake. Halafu akafika Githongo, yule kijana wa bodaboda, akaniangalia hapo kwenye matope na maziwa, akasema, "Mathe, umegeuka chai. Imebaki tu sukari." Nilicheka na mfupa umevunjika. Usijaribu kucheka mfupa wa bega ukiwa umevunjika.

Hospitalini Kajiado nilipigwa picha, nikafungwa mkono. Ezra akaingia na uso wa baba yake. Hata salamu hakunipa, akauliza nimefanya nini. Nikaona ufunguo ule unaondoka. Mdomo ukasema wenyewe kwamba kuna mtoto aliingia barabarani. Sikumtaja jina, na nikajidanganya kwamba kutomtaja ni nusu ya ukweli. Lakini pale njiani kuna maboma mangapi? Moja. Lina watoto wangapi wa shule? Mmoja. Kufika saa kumi jioni, kila mtu alishajua ni Kakenya.

Mama yake alimuuliza. Mtoto akanyamaza. Walimwuliza tena mbele ya babu yake, akanyamaza vilevile. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kusimama mbele ya watu aseme mtu mzima amedanganya. Ile adabu uliyosema haiko, Caro, ndiyo iliyomfunga mdomo.

Na wewe unajua desturi. Mtoto wa boma akiumiza mtu, wenye boma hawakai kimya. Wiki ya pili walikuja hapa, Mzee Kuntai mwenyewe na mama ya mtoto, na mbuzi aliyechinjwa, na supu ya mifupa imechemshwa na gome la olkiloriti, ile dawa chungu ya kushikisha mifupa. Waliniomba msamaha. Mimi nikawapa msamaha! Nilikuwa kwenye bakuli la pili mama yake aliposema, kama mtu anayesema habari ya mvua, kwamba huyo mbuzi ni wa Kakenya mwenyewe. Alipewa na babu yake, alikuwa naye mmoja tu, na alikubali achinjwe ili bega langu lipone.

Nilimaliza bakuli. Sitakuficha hata hilo. Ningefanya nini, niiteme? Lakini tangu siku hiyo sikulala vizuri, na haikuwa maumivu ya mfupa.

Nyakio ndiye aliyenibana. Alikuwa ananisaidia kuvaa, miezi miwili huyo mwanamke amenivalisha kama mtoto mchanga, huku akiniimbia nyimbo za Nyeri nisizozielewa. Nikamwambia yote. Akanifunga kifungo cha mwisho, akasema mimi naogopa kunyang'anywa pikipiki, na mtoto ameshanyang'anywa mbuzi. Halafu akaenda kuuza maziwa yake. Nilimkasirikia mpaka saa sita.

Katikati ya mwezi wa tano, kamba ilipotolewa, nilimwambia Ezra anipeleke kwa Mzee Kuntai na asiniulize kitu. Nilibeba mbuzi jike na mtoto wake, wote weupe, wamefungwa nyuma ya pikap. Tulipofika, Kakenya alisikia gari akaingia ndani. Nilijua kwa nini, nikasikia aibu.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Mkono mmoja, uvivu wangu, helmeti ya mayai, uongo wa hospitalini. Ezra alikuwa pembeni yangu, anasikia kwa mara ya kwanza. Mzee Kuntai akaniangalia, akasema, "Kwa hivyo Mama Ezra, tumekulisha mbuzi bure?" Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka, yule mzee, akacheka mpaka akashika fimbo. Lakini alipomaliza akafuta macho, akasema msamaha si wa kwake, mwenye mbuzi yuko ndani.

Kakenya aliitwa. Nikamwambia hivyohivyo, kwamba hakukosa, mimi ndiye niliyekosa na nikamwachia mzigo. Aliwaangalia wale mbuzi, akamgusa yule mdogo masikio. Nikamwuliza kama kuna kitu kingine anataka nifanye. Nilidhani atasema viatu, au hapana. Akasema kwa sauti ndogo, "Uje shule." Mama yake ndiye aliyenieleza. Kumbe tangu mwezi wa tatu watoto wenzake walikuwa hawamwiti Kakenya. Walimwita Ajali. Akipita wanaruka kando, wanapiga kelele kama breki.

Caro, nilienda. Ijumaa, wakati wa kupandisha bendera, na nguo yangu ya kanisani. Mwalimu mkuu akanipa kipaza sauti, kikapiga mlio wa ajabu, watoto wote wakaziba masikio. Nimesimama mbele ya sinodi bila woga, lakini mbele ya wale watoto nilisahau hata salamu. Nikawaambia, "Kakenya hakuwa barabarani. Mimi niliachilia mkono, nikaanguka, nikadanganya. Yeye ndiye aliyenisaidia. Kama kuna mtu hapa anaitwa Ajali, basi ni mimi."

Basi mmoja huko nyuma, sijui nani na Mungu ambariki, akapaza sauti: "Mama Ajali!" Shule nzima ikalipuka, walimu nao. Nikamtafuta Kakenya kwenye mstari wa gredi ya tatu, na yeye alikuwa anacheka kuliko wote, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Habari ya ufunguo sasa. Ezra aliutoa mfukoni siku ileile, akauangalia, akaurudisha mfukoni. Akasema atanipa nikiwa na leseni. Ndiyo, sikuwa na leseni, na hilo pia uliwahi kuniuliza nikakujibu mambo ya mvua. Basi nikaingia shule ya udereva hapa Kitengela, darasa la vijana watupu, na mwalimu ni kijana mdogo kuliko Ezra. Kila nikitaka kumsalimia mtu ninayemjua anapiga kelele, "Mama, mikono!" Na Kitengela hii kuna nani nisiyemjua? Lakini nimejifunza. Nimejifunza kwamba breki ya mbele na matope si marafiki, na kwamba helmeti ni ya kichwa. Wiki iliyopita nilifaulu mtihani, mimi na wengine tisa, na walioanguka ni vijana watatu. Usimwambie mtu kwamba nafurahia hilo.

Watoto wa huko njiani wote wananiita Mama Ajali sasa. Wanaliita kutoka mbali, wanapunga mikono. Mimi naitika.

Jana nilipita kwa Mzee Kuntai kwa mara ya kwanza nikiendesha mwenyewe. Nilisimama mapema, nikazima injini, nikateremka, nikavua glavu. Kakenya alikuwa palepale kando ya ua, anawatazama wale mbuzi wake wawili. Alikuja polepole. Akainama akaangalia pikipiki kwa makini, akahakikisha kwamba imezimwa kweli, ndipo akainamisha kichwa.

Simlaumu hata kidogo. Niliweka kiganja changu pale, chote, nikakiacha kidogo zaidi ya kawaida. Maziwa yalichelewa, na Nyakio alininunia mpaka jioni.

Felix akishaniambia umeipata barua hii, nitaandika kwenye group na kila mtu atajua. Wewe nimetaka ujue kwanza, kwa sababu ni wewe peke yako uliyeandika neno gumu, na uliliandika kwa kunipenda mimi. Si kosa lako. Ukija Desemba tutapita hapo boma pamoja, uone mtoto mwenye adabu anavyokaa.

Mpe Allan salamu zangu, mwambie lile koti alilonitumia ndilo lililokatwa na makasi hospitalini, anisamehe. Wape watoto busu. Evalyne anakusalimia, Ezra anakusalimia akiwa amevimba kwa fahari kwa sababu mama yake ana leseni, na Nyakio anasema usisahau kumletea ile dawa ya magoti. Mungu awe mbele yako ukitoka na awe mlangoni ukirudi, na huo mguu upone kabla ya baridi nyingine.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na mikono yote miwili,

Margaret Naeku