Kurasa za Shangazi Mdomo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada, kazini huitwa Kasuku
Umri: miaka 34
Kazi: kutia sauti katuni
Makazi: kwa kaka yake, ambaye ndiye mlalamikaji

Mimi ni mwenye jina la utani hapo juu. Naeleza kwa hiari yangu, ingawa nimechoka na ningependa kuwa nimelala.

Kaka yangu ana studio ya vyumba viwili juu ya duka la vioo. Tunachukua vitabu vya katuni vilivyochapishwa zamani na kuvifanya vitembee na kusema. Picha inatolewa nakala, nakala inabandikwa kwenye kadibodi, halafu tunakata mikono, miguu na midomo kila kimoja peke yake. Kaka anavisogeza kidogo kidogo na kupiga picha. Mimi natia sauti. Katika kazi hii ya sasa mimi ni watu saba na mbuzi, kwa hiyo nikiwa na mafua studio nzima inaumwa.

Kazi yenyewe ni kitabu cha Shangazi Mdomo, mama asiyeweza kutunza siri ya mtu. Aliyemchora ni mzee tunayemwita Fundi. Tangu apate kiharusi mkono wake unatetemeka na hawezi kuchora tena. Alituazima kurasa zake halisi, zile alizochora kwa mkono wake, kwa sharti moja tu: tutoe nakala, tumrudishie.

Mnamo Jumanne iliyopita, majira ya saa nne asubuhi, nilifika studio nikamkuta kaka mezani ana mkasi. Mashine ya fotokopi ilikuwa inasumbua, inatoa mistari iliyofifia. Nikaokota kichwa cha Shangazi pale mezani. Nikaona alama za penseli chini ya wino.

Nikamwambia, "Kaka, hizi si nakala. Zina penseli."

Akasema, "Kamera haioni penseli. Wewe nenda katie sauti."

Nilimbishia. Akaniambia nisimchoshe, mteja anataka kazi wiki hii. Alikuwa ameshakata karibu kitabu chote.

Baadaye kidogo Fundi alikuja. Alikuwa amealikwa siku nyingi asikilize sauti. Nilimkalisha kwenye kiti changu nikamvalisha vipokea sauti. Shangazi alipoanza kumsengenya jirani yake, mzee alicheka hadi machozi yakamtoka. Akasema, "Ndivyo nilivyokuwa namsikia miaka yote nikimchora." Hilo lilinifurahisha kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa, na papo hapo nikakumbuka kilichoko chumba cha pili.

Aliinuka kwenda kumshukuru kaka. Nilimwita arudi asikilize tena, hakunisikia. Nikamfuata. Nilimkuta amesimama mezani, ameshika mkono wa Shangazi uliokatwa begani. Aliugeuza, akauchungulia, akaurudisha taratibu.

Akasema, "Mwanangu, hizi ni zangu."

Kaka akajibu, "Sasa zitaonekana na watu wengi, Mzee. Kabatini zilikuwa zinaliwa na mende tu." Na mkasi haukusimama. Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja mzima, nao alikuwa ameshaanza kuukata.

Fundi aliushika ukurasa ule. Kaka akavuta. Fundi akashika mkasi kwa upande wa makali, akajikata vidole. Alipoachia, kaka alikuwa bado anavuta kwa nguvu zake zote, ncha ikamrudia mwenyewe na kumchoma mkono wa kushoto. Mkasi haukutoka mikononi mwa kaka hata mara moja. Fundi hakumpiga wala hakumtukana. Kaka akawapigia polisi simu kwamba mzee amemchoma mkasi. Walipofika walimkuta Fundi amepiga magoti sakafuni, anaokota vipande kwa vidole vyenye damu na kujaribu kuvipanga. Wakamchukua yeye.

Leo kaka ndiye aliyenileta hapa. Njiani aliniambia, "Mdogo wangu, sema mkasi alikuwa nao mzee. Basi. Mengine niachie." Akanikumbusha nani alinilea baada ya wazazi wetu kufariki. Ni kweli alinilea, tena vizuri. Nampenda, na naomba hilo nalo liandikwe. Lakini mzee yuko mahabusu kwa jeraha ambalo hakulitia, na alijeruhiwa akitetea kitu ambacho hawezi kukitengeneza tena.

Nimesomewa niliyoyasema. Ndivyo nilivyoona na kusikia, na hakuna nililoongeza kwa ajili ya mtu yeyote.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akayathibitisha. Shahidi ameuliza kama kaka yake atayajua. Nimemjibu kwamba atayasikia mahakamani. Amesema hawezi kukaa naye nyumba moja hadi siku hiyo akiwa ameyaficha, na ameomba kumwambia sasa hivi, kwa mdomo wake, mbele yangu. Mlalamikaji ameitwa ndani.