Bima Uliyoiuza, Sjoerd

Sjoerd,

Supu ya njegere iko kwenye friji, ipashe polepole. Paka ameshakula, asikudanganye. Naenda kwa dada Hedwig, Zwolle. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi jioni.

Sikukupekua. Nilitaka kusoma habari tu, nikakuta kompyuta iko wazi. Ile haki yetu ya kuuza hisa kwa bei tuliyopanga, hata soko likianguka, ile bima yetu, umeiuza. Hela yake umenunulia haki za kununua hisa za kampuni ya chipu za kompyuta, na zisipopanda kufikia Ijumaa hii, hazina thamani tena. Kisa? Shemeji yako kasema hivyo kwenye birthday ya mama, tumekaa duara, keki mapajani.

Baiskeli umeikatia bima. Meno pia, na safari ambayo hatujaenda. Hisa za uzeeni ndizo umeziacha uchi mvuani.

Nilipokuuliza ukasema, "Tulia basi, mke wangu, nimecheza kidogo tu," ukaingia kuoga.

Leo wanachukua karatasi, toa pipa la bluu.

Nimefika mlangoni nimerudi. Hizo haki za chipu ziuze leo kabla soko halijafunga saa kumi na moja na nusu, uinunue tena bima yetu. Wakati unaoga nilizichungulia, zimepanda mara mbili. Usidhani nimeondoka kwa hasira. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kununua, nataka kuongeza nyingine.

Mkeo,
Wieke