Honi Nyuma Yangu

Nchelenge, Jumanne, 1974

Sikuisikia honi kabisa. Lori lilikuwa nyuma yangu, na mimi nimesimama tu.

Asubuhi nilikwenda biro, ofisi ya malori, kuomba kazi ya udereva. Kalani wa biro alisoma barua yangu: miaka kumi na tisa nimeendesha garimoshi la makaa kule Lubumbashi, mpaka zilipokuja mashini za dizeli wakatuachisha kazi. Alifurahi, akaniambia nitoke nje nione lori. Hapo ndipo mama mmoja muuza samaki aliponivuta mukono.

"Ba Tata, gari inawapigia honi."

Kalani, aliyenifuata nje, alinitazama. Akauliza kitu, nami nikaangalia midomo yake. Akarudia kwa sauti kubwa, "Munasikia kweli?"

"Kidogo," nikasema.

Akanirudishia barua.

Mashini ile ya makaa ilichukua masikio yangu kidogo kidogo, na mimi miaka yote niliipenda kelele yake. Sasa nani atanipa usukani? Hakuna mutu.

Muke wangu aliponiuliza, nilimwambia kazi amepewa mwingine. Akasema maneno marefu huku amegeukia moto, amenipa mugongo. Sikumwomba arudie.