Fundo la Kamba ya Nailoni

Mtoni, Jumanne.

Fundo lile lile nililokuwa nafungaga kwenye katani, leo nimelifunga kwenye nailoni, bila kuongeza mzunguko. Nilijua nailoni inateleza. Uvivu tu.

Tawi la mti wa mkungu tulilokuwa tunalikata na kulishusha likachomoka kwenye kamba, likavunja paa la jiko la Mama Zuhura. Bahati nzuri mwenyewe alikuwa amekwenda kuchota maji.

Saidi, aliyekuwa chini ameshika kamba, akadhani yeye ndiye aliyeilegeza haraka. "Nisamehe mama, ni mkono wangu," akamwambia aliporudi. Mie nilikuwa bado juu ya mti. Ningeweza kusema. Nikajifanya nakunja kamba.

Kesho atakwenda kuliezeka paa upya, peke yake.

Tulipoagana akasema, "Asante kaka, hata hukunifokea."