Fimbo Imekunjika Mbele ya Wakwe

Suzan binti yangu,

Salamu kutoka Koboko. Mvua iko, mihogo iko, na mimi iko na nguvu kushinda vijana yote ya hapa.

Fimbo mbili ulituma na Swadiki dereva, nyeusi na nyekundu, nimepata. Unasema nichague moja, ikunjwe iingie kwa begi nikipanda gari kuja kwako Mvara. Fimbo gani inakunjwa kama mwavuli? Mimi askari, nilitembea kwa mguu mpaka Juba!

Juzi wakwe walikuja kuongea mahari ya Rejoice, mtoto wako. Unajua desturi: mzee anapiga fimbo chini, watu wananyamaza, anaongea. Nikapiga ile nyeusi. Ikakunjika! Nikaanguka mbele yao. Paska, mama ya bwana arusi, akasema, "Mzee, hata fimbo imechoka na ng'ombe unaitisha!" Wakacheka. Nikaongeza ng'ombe mbili palepale chini.

Basi nachagua nyekundu. Nimeijaribu hapa kitandani, nimepiga sakafu mpaka kuku ikakimbia, haikukunjika.

Lakini gari ya Swadiki sitaweza. Wewe kuja unichukue na gari ya wagonjwa. Tangu siku ile mguu inakataa kusimama, na mama yako nimemkataza kukuambia.

Mimi baba yako,
Lokule